Google Reader Ilizimwa 2013, Bado Twatafuta Mbadala

Tarehe 1 Julai 2013, Google walizima kitu kilichoitwa Google Reader. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga mpira Makadara mpaka adhana ya magharibi, kwa hivyo sikulia. Lakini kuna watu walilia kikweli. Zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kuwasihi Google wabadilishe nia. Google hawakubadilisha.

Mpaka leo bado utamsikia mtu akiuliza, "Jamani, mbadala wa Google Reader ni upi?" Nataka tujibu swali hilo, ila tutapitia njia ndefu kidogo, manake swali lenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Hapa kwetu Mombasa, mlango wa habari umefungwa mara nyingi sana, na kila mara watu walilazimika kutafuta mwengine. Ukiangalia walivyofanya, utajua wewe ufanye nini na simu yako.

Tuanze na wewe uliyezaliwa simu ikiwa tayari mkononi, hujui hata Reader ilikuwa nini.

Kila blogu na kila gazeti la mtandaoni lililotengenezwa vizuri lina faili moja dogo nyuma ya pazia. Makala mpya ikitoka, faili hilo linaongezwa kichwa cha habari, tarehe na kiungo. Hilo ndilo tunaloita mlisho, na mtindo wa kuliandika unaitwa RSS. Mtindo huo ulianza Machi 1999 katika kampuni ya Netscape, ukaendelezwa na watu wengi. Mmoja wao ni Aaron Swartz, aliyekuwa na umri wa miaka 14 aliposhiriki kuandika toleo la RSS 1.0 mwaka 2000. Baadaye aliingia chuo kikuu cha Stanford, akaacha baada ya mwaka mmoja. Mimi pia niliacha chuo, ingawa kufanana kwetu kunaishia hapohapo.

Google Reader ilianza Oktoba 2005. Kazi yake ilikuwa kama ya mtoto anayetumwa. Wamwambia: pita kwa fulani, pita kwa fulani, niletee kila kilicho kipya. Akirudi amekupangia kwa tarehe, kipya juu, cha zamani chini. Hakuna aliyemhonga njiani ili chake kitangulie. Na ukishasoma vyote, vimekwisha. Wafunga, wenda zako kula mahamri.

Hilo la "vimekwisha" lisikupite. Lini mara ya mwisho ulifungua jukwaa lolote kwenye simu likakwambia habari zimekwisha, nenda nyumbani?

Sasa, kwa nini kijana wa Bondeni ahangaike na programu iliyokufa akiwa darasa la nne? Nitakupa sababu yangu.

Mwaka jana, maalim aliyenisomesha chuoni, aliyenishika mkono nikaandika alifu yangu ya kwanza, alifariki. Tanzia iliwekwa asubuhi kwenye ukurasa wa mtaa, ukurasa ambao naufuata kwa hiari yangu. Maziko yakawa baada ya alasiri siku hiyohiyo, kama ilivyo ada yetu. Mimi nilikuwa Nyali kutwa nzima nikimpigia mtu video ya biashara yake, simu sikuiweka chini. Tanzia nilionyeshwa siku ya tatu, siku ya khitma, imebanwa katikati ya video ya mtu anayecheza na tangazo la magodoro. Jukwaa lenyewe silitaji, manake tabia hiyo ni yao wote: habari hazipangwi kwa saa zilipotoka, zinapangwa kwa hesabu ya kompyuta inayokisia nini kitakufanya ukae zaidi. Hesabu hiyo ndiyo algorithimu. Na algorithimu ilikisia kwamba kifo cha maalim wangu hakitaniweka pale kwa muda mrefu.

Wazee wanaokaa barzani karibu na msikiti, ambao wengine wao hawana hata simu ya kugusa, walijua kabla ya saa tatu asubuhi.

Basi tuwaendee hao wazee.

Barza ni kiti cha saruji au cha mawe mbele ya nyumba. Kwa wageni ni pahali pa kukaa, lakini kwa mtu wa Mji wa Kale ni chombo cha habari. Baada ya magharibi muuza kahawa anapita na dele lake akigonga vikombe, kashata zinatoka, na kila anayeketi ana lake la kusema. Huyu atoka bandarini, yule ametoka kwa Kadhi, huyu mwengine mwanawe yuko Muscat. Wewe wachagua barza ya kukaa. Wamjua kila msemaji ni mtoto wa nani, alishawahi kusema uongo mara ngapi, na ana deni kwa nani. Ikikuchosha, wahamia ya mtaa wa pili.

Zama za majahazi, habari zenyewe zilikuwa na msimu. Upepo wa kaskazi ulileta vyombo kutoka Bara Arabu, Ghuba na Bara Hindi mpaka Bandari ya Kale, hapo chini ya Mji wa Kale, na upepo wa kusi ukavirudisha. Pamoja na tende na mazulia zilikuja barua, bei za bidhaa, habari za ndoa na vifo. Baadaye meli kubwa zikahamia Kilindini, majahazi yakapungua mwaka hadi mwaka, na mlango ule ukawa mdogo. Barza haikufungwa. Waliokaa pale walibadilisha tu vyanzo vyao.

Mfano wa pili wengi hawaujui. Gazeti tunaloliita The Standard leo lilizaliwa hapahapa Mombasa. Lilianzishwa mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Kihindi, likiitwa African Standard. Mwaka 1905 akaliuza, likawa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi kwa sababu pesa na serikali ndiko zilikokuwa zimehamia. Yaani Mombasa tulikuwa na chombo chetu, mwenye nacho akakiuza, mwenye kukinunua akakihamisha. Hakuna aliyetuuliza. Sasa wewe uliyedhani Google ndio wa kwanza kufanya hivyo, pole.

Na hata lilipokuwa hapa, gazeti lile lilikuwa la Kiingereza, la masetla na wafanyabiashara. Mtu wa Kibokoni alikuwa na lake?

Ikafika 1930. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa hapa Mombasa na baba yake Profesa Ali Mazrui, alianza kutoa karatasi ndogo ya Kiswahili iliyoitwa Sahifa. Februari 1932 akaanzisha gazeti la kila wiki, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Sheikh alikuwa msomaji wa fikra zilizotoka Cairo, hasa za Rashid Rida na jarida lake la Al-Manar. Alichukua mijadala ya mbali, akaipima kwa hali ya hapa, akaiandika kwa lugha ambayo muuza samaki angesomewa na akaelewa. Aliandika juu ya elimu, juu ya harusi za kujionyesha, juu ya watu wa pwani kubaki nyuma wakati dunia inakwenda.

Ukiniuliza mimi, Sheikh Al-Amin ndiye kisomaji cha milisho cha kwanza cha mji huu. Vyanzo vingi vilimfikia yeye, na mtu wa mtaani akapata karatasi moja. Tofauti yake na algorithimu ni kwamba jina lake lilikuwa juu ya karatasi. Ukikasirika, wajua nyumba yake iko wapi, wenda kumgongea mlango.

Al-Islah haikuishi muda mrefu. Mwaka 1937 Sheikh akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwaka 1947 akafariki. Lakini zile insha za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi, na miaka ya karibuni zimetafsiriwa mpaka kwa Kiingereza. Gazeti lilikufa, maandishi yakabaki kwa sababu kuna watu waliweka nakala zao. Hawakumwachia mchapishaji peke yake kazi ya kukumbuka.

Halafu ikaja redio. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na kituo chake hapa, Sauti ya Mvita. Kuanzia 1954 redio ya Cairo nayo ilitangaza kwa Kiswahili, ikiwatukana wakoloni mchana kweupe, na mwaka 1957 BBC wakaanza matangazo yao ya Kiswahili. Msikilizaji wa wakati huo alikuwa na kifundo cha kuzungusha. Akimsikiliza Mwingereza, wazungusha, wamsikia Mmisri, kisha anajua ukweli uko pahali fulani katikati. Kile kifundo kilikuwa mkononi mwake.

Sasa turuke miaka hamsini.

Mwaka 2004, Mtanzania Ndesanjo Macha alianza kuandika blogu kwa Kiswahili, akaiita Jikomboe. Watu wengi humhesabu kuwa ndiye aliyewafungulia njia wanablogu wa Kiswahili. Mwaka uliofuata akaja Muhidin Issa Michuzi na blogu yake ya picha na habari, na ukoo mzima wa blogu za Tanzania ukamea nyuma yao. Hapa Kenya palikuwa na Daudi Were na wenzake waliowakusanya wanablogu wa Kenya pahali pamoja, na mwanasheria Ory Okolloh aliyeandika kwa jina la Kenyan Pundit.

Desemba 2007 mnaijua. Tarehe 30, matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa na nchi ikaanza kuwaka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Televisheni zikawa zaonyesha mambo mengine. Waliotaka kujua kinachotokea walikwenda kwa blogu. Mapema Januari 2008 Ory akaandika kwamba ingefaa watu wa kompyuta watengeneze ramani ya ghasia, na siku chache baadaye ikapatikana. Ndiyo Ushahidi, ambayo imetumika duniani kote tangu hapo.

Ila tusiseme uongo kwamba kila kilicho huru ni kizuri. Wakati huohuo, jukwaa maarufu la Wakenya mtandaoni, Mashada, lilijaa matusi ya kikabila kiasi kwamba mwenyewe, David Kobia, alilifunga. Badala yake akaweka tovuti ya watu kutangaza kwamba wao ni Wakenya bila kabila. Huyu Kobia ndiye pia aliyeshiriki kuunda Ushahidi. Barza bila mtu wa kusema "ewe, hilo usiliseme hapa" inageuka kuwa moto.

Wakati huo Google Reader ndiyo iliyobeba yote. Ami yangu mmoja alikuwa na saiba ndogo, kompyuta nne na feni moja, ukilipa kwa dakika. Nilimuuliza juzi mambo yalivyokuwa.

"Ami, mlikuwa mwasoma blogu zote hizo kwa pesa gani?"

"Mwanangu, hatukuwa twafungua zote," akaniambia. "Wafungua Reader moja, zimejipanga. Dakika kumi umemaliza Kenya na Tanzania, shilingi kumi. Leo wewe wakaa masaa manne na hujui mbunge wako ni nani."

Sikumjibu. Ami hajibiwi.

Juni 2009 waya wa TEAMS ulitoka Fujairah kwa chini ya bahari ukatua hapa Mombasa. SEACOM ukafuata mwezi wa pili yake, na EASSy mwaka 2010. Fikiria hilo kidogo. Kutoka upande uleule yalikokuwa yakitoka majahazi, na kwenye kisiwa hikihiki, ndiko intaneti ya kasi ya Kenya ilipoingilia. Bei ikashuka, simu zikawa janja, saiba za kina ami zikafa moja moja. Mwaka 2013 ndio vijana wengi wa kwetu walikuwa wanaingia mtandaoni kwa mara ya kwanza. Na mwaka huohuo, Machi 13, Google wakatangaza kwamba Reader inafungwa kwa sababu watumiaji wamepungua.

Yaani sisi twaingia mlangoni, wao wazima taa.

Mgala muue na haki mpe: Google waliwapa watu miezi mitatu na ushee, na waliwapa njia ya kutoka na orodha zao. Orodha hiyo ni faili moja la aina ya OPML, lina majina na anwani za kila chanzo unachofuata. Waliolipakua walihama jioni moja. Feedly walisema watu 500,000 waliwahamia ndani ya saa 48. Wengine wakaenda NewsBlur, wengine The Old Reader, wengine Inoreader. Digg nao wakatengeneza kisomaji chao haraka haraka, watu wakashukuru, na Machi 2018 Digg nao wakakifunga.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Aliyehama Google akaenda Digg alivuliwa mara mbili ndani ya miaka mitano. Lakini mwenye faili lake la orodha, hata mara ya pili alihama jioni moja. Asiyekuwa nalo alianza upya, akijaribu kukumbuka alikuwa anamsoma nani.

Wengi zaidi hawakuhamia kisomaji chochote. Walihamia mitandao ya kijamii. Mwanzoni ilifanana kabisa: wafuata watu, wapata yao kwa mpangilio wa saa. Kisha mpangilio ukaondolewa. Facebook walitangulia, na mwaka 2016 Twitter na Instagram wakafuata. Twitter walikuwa na milisho ya RSS, wakaiondoa mwaka uleule wa 2013. Tukabaki na orodha za watu tunaowafuata ambazo ni kama orodha ya wageni wa harusi, mlango ukawa na bawabu wa mwenye ukumbi, na bawabu anaingiza anaotaka yeye.

Kwa hivyo tunapouliza mbadala wa Google Reader ni upi, ukweli ni kwamba tulishapewa mbadala, na ndio huo ulionionyesha tanzia siku ya tatu.

Utasema, basi si tuna vituo vya habari, si tuna magrupu ya WhatsApp? Sawa, lakini hesabu milango iliyofungwa tangu wewe upate akili. Januari 30, 2018, Raila alipoapishwa Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Juni mwaka huohuo, JamiiForums ya Tanzania ilijifunga kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya zilizowataka hata wanablogu wawe na leseni, gharama yake zaidi ya shilingi milioni mbili za Tanzania. Blogu ngapi za mtu mmoja na simu yake zingeweza kulipa hizo? Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilifungiwa hapa Kenya. Machi 2025 Sauti ya Amerika, ambayo kina bibi waliisikiliza jikoni kwa miaka mingi, ikanyamaza ghafla kwa amri iliyotoka Washington. Juni 25, 2025, vijana wakiwa barabarani, vituo viliamriwa kuacha matangazo ya moja kwa moja, NTV na KTN wakazimwa, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha amri ile.

Mlango wowote ulio na mwenyewe unaweza kufungwa. Sisemi hivi kukutia hofu, ndivyo historia ilivyo. Jeevanjee aliuza, Google walizima, serikali zimeamuru. Swali la maana ni nini kinabaki mkononi mwako siku ya pili.

RSS yenyewe haikufa, na hilo wengi hawalijui. Haina mwenyewe wa kuizima, kama vile barza haina mwenyewe. Podikasti nyingi unazosikiliza zinasafirishwa kwa RSS mpaka leo. Chaneli za YouTube bado zina milisho. BBC Swahili wanao. Blogu yoyote iliyojengwa kwa WordPress, ukiongeza /feed mwisho wa anwani yake, kwa kawaida utaukuta. Iran, kabla Reader haijazimwa, watu walisoma tovuti zilizofungiwa kwa kupitia milisho, kwa kuwa mwenye kufunga mlango wa mbele alisahau dirisha.

Basi mbadala ni upi? Mimi nina maswali matatu kabla sijaweka kisomaji chochote kwenye simu.

La kwanza: naweza kutoka na orodha yangu? Tafuta pahali pameandikwa OPML. Kama hapapo, hata kiwe kizuri vipi, achana nacho. Ni nyumba isiyo na mlango wa nyuma.

La pili: nani analipa? Feedly bila malipo inakuruhusu vyanzo 100, NewsBlur 64, na wanaishi kwa wale wanaolipia zaidi. Hiyo ni biashara inayoeleweka. Kuna Feeder ya Android, ya bure na msimbo wake uko wazi, haitaki hata akaunti, orodha inakaa kwenye simu yako mwenyewe. Wenye iPhone wana NetNewsWire, ya bure vilevile. Ukiwa na rafiki anayejua seva, FreshRSS inaweza kuwahudumia nyote.

La tatu: inapanga kwa tarehe? Ikianza kukwambia "tumekuchagulia", wajua bawabu amefika.

Na kuna faida ya bando. Mlisho ni maandishi matupu, hauna video inayojianzisha yenyewe. Makala zilizoshapakuliwa zinabaki, wazisoma kwenye feri ya Likoni hata mtandao ukikata.

Je, hiki kitu kina kasoro? Kinazo. Hakikuambii nani mwongo, hiyo ni kazi yako kama ilivyokuwa kazi ya mtu wa barzani. Na barza nayo, tusiipake rangi: ilikuwa ya wanaume, kina mama walipata habari zao uani na kwenye shughuli, na umbeya ulipita humohumo. Ukichagua vyanzo kumi vinavyokubaliana na wewe, umejijengea barza ya watu wa mawazo mamoja. Mimi kila vyanzo vitano naweka kimoja kinachoniudhi.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba RSS haiwezi kuingia ndani ya majukwaa yaliyofungwa. Ile tanzia ya maalim, hata ningekuwa na kisomaji bora duniani, isingenifikia, kwa sababu ilikuwa imewekwa ndani ya ukurasa wa jukwaa tu. Kwa hivyo nilikwenda kwa vijana wanaoendesha ukurasa ule wa mtaa, tukakaa, nikawaeleza. Hawakuwa na tatizo. Sasa wana blogu ndogo ya bure: tanzia, matangazo ya maji kukatika, vitu vilivyopotea, saa za madarasa. Wanaandika pale kwanza, kisha wananakili kwenye ukurasa. Iliwachukua chini ya saa moja kuianzisha. Mimi naipata kwenye kisomaji, kwa mpangilio wa saa, pamoja na watu wengine wa mtaani tuliowawekea kwenye simu zao, mmoja wao ni mama wa jirani aliye Jeddah ambaye alikuwa akisikia vifo vya kwao wiki nzima baadaye.

Mwezi uliopita palitokea msiba mtaa wa pili. Blogu ikaandika saa mbili asubuhi. Saa kumi tulikuwa makaburini, vijana wengi tu.

Kwa hivyo usiku wa leo kaa chini, chukua kalamu. Andika majina kumi ya watu au vyombo ambavyo, vikinyamaza kesho, utaona pengo. Usiandike vile unavyovikuta, andika vile ambavyo ungevitafuta. Tafuta milisho yao, viweke kwenye kisomaji chochote kilichojibu maswali yale matatu, kisha toa faili la OPML ulitume kwa barua pepe yako mwenyewe. Kisomaji kitakufa siku moja, hicho nakuhakikishia. Faili litakuwa kwako.

Na kama wewe ni mtayarishaji wa maudhui kama mimi, fungua blogu, hata ya bure, uweke kazi zako na huko. Wanaotaka kukusoma wasilazimike kumwomba bawabu ruhusa.

Ukikwama kwenye kutafuta mlisho wa mtu, niandikie, tutautafuta pamoja. Na nitumie orodha yako ya kumi. Nataka kuona Bondeni inasoma nini.